Umealikwa shuleni kama mwandishi, na watoto ni 180: ufanye nini?

Swali

"Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Arua, na mwaka jana nilitoa kitabu changu cha kwanza cha watoto, hadithi fupi ya picha kwa Kiswahili. Sasa shule moja ya msingi imenialika nikawatie watoto moyo wa kuandika. Wamenipa saa moja, ukumbi mmoja, na watoto kama 180 wa P4 hadi P6, yaani darasa la nne hadi la sita. Sijawahi kufanya kazi hii. Naogopa nitaongea, watapiga makofi, tutapiga picha, nitauza vitabu viwili vitatu na kuondoka, na kesho yake hakuna atakayeshika kalamu. Nifanye nini? Nitumie Kiswahili, Kilugbara au Kiingereza? Na vitabu niende navyo vya kuuza?"

Jibu

Dada yangu, hongera kwa kitabu. Na hiyo hofu yako ishike vizuri, isikutoke, maana ndiyo itakayokuandalia ziara ya maana. Nimezunguka shule za Uganda kwa kazi hii zaidi ya miaka kumi na mitano, kutoka Jinja hadi Bundibugyo, na ziara zilizonishinda karibu zote ni zile nilizokwenda bila hofu, nikidhani mwandishi akionekana tu watoto watapata hamu ya kuandika.

Ukiingia darasa lolote la P5 ukauliza nani amewahi kuandika hadithi, mikono yote itapanda. Wote wameandika insha. Uliza nani aliisoma, watajibu kwa sauti moja: mwalimu! Uliza mwalimu alisema nini juu ya hadithi yenyewe, hapo utapata kimya. Daftari lilirudi na wino mwekundu, alama ikaandikwa chini, ukurasa ukafunuliwa, likaingia somo jingine. Hakuna aliyecheka palipokuwa pa kucheka. Hakuna aliyeuliza, "Halafu yule mbuzi alipatikana?" Watoto wetu wana msahihishaji, msomaji hawana. Na mtu asiye na msomaji haandiki kwa muda mrefu, awe mtoto, awe wewe au mimi.

Mwalimu simlaumu. Ana darasa la watoto tisini, yaani insha tisini, na jioni moja ya kuzipitia. Mbele yake kuna PLE, mtihani wa P7 wa kumaliza shule ya msingi, wa masomo manne, ambao wazazi huutumia kuipima shule nzima. Kusahihisha ni kazi ya lazima na ina mwenyewe. Wewe nenda ukafanye ile isiyo na mwenyewe: waandike ukiwa pale, usome walichoandika, uwajibu. Mengine yote nitakayokueleza yanatoka hapo.

Anza na ile idadi. Watoto 180 unaweza kuwahutubia, kuwasoma huwezi. Mwandikie mwalimu mkuu barua ya heshima, wiki tatu kabla, umshukuru, kisha umwombe mambo mawili: dakika kumi na tano na watoto wote kwenye asembli ya asubuhi, halafu vipindi viwili vinavyofuatana na watoto arobaini tu. Kipindi cha madarasa ya juu ni dakika arobaini, kwa hiyo utapata dakika themanini. Atakuuliza arobaini gani. Mjibu mapema kabla hajachagua: kumi na watatu au kumi na wanne kutoka kila darasa, na wasiwe wale wa kwanza mtihani tu. Ukiacha wachague bila neno lako, watakuletea vichwa vya shule, wenye soksi safi na mwandiko wa kupendeza, ambao wameshazoea kuchaguliwa. Mimi huomba niwekewe pia watoto watano wanaosumbua darasani kwa kuongea. Wenye hadithi wengi wamo humo.

Usichukue P7. Mtihani wao kwa kawaida huwa mwanzoni mwa Novemba, na kabla yake kuna mitihani ya majaribio. Ukiwatoa darasani umemkosea mwalimu wao. Muhula wa pili, wiki ya nne hadi ya saba, ndio wakati wangu mzuri. Mwanzo wa muhula kuna heka heka za karo na sare, mwisho kuna mitihani.

Jambo jingine la kuomba kwenye barua: mwalimu wa darasa awepo mwanzo hadi mwisho. Shule nyingi, mgeni akiingia, mwalimu hupata nafasi ya kupumua akaenda kunywa chai. Anastahili chai yake, lakini siku hiyo mng'ang'anie abaki, kwa sababu wewe utaondoka na yeye ndiye atakayebaki na watoto. Mpe karatasi, aandike naye. Watoto wakimwona mwalimu wao amekuna kichwa, amefuta mstari, ameanza upya, wanajifunza jambo ambalo mgeni hawezi kuwafundisha. Na kama ana fimbo mkononi, mwombe kwa upole aiache ofisini. Sheria ya Watoto, kwa marekebisho ya 2016, imepiga marufuku viboko shuleni, lakini hata ambapo fimbo haimgusi mtu, ikiwa imelala mezani mtoto ataandika kile asichoweza kukosea. Ataandika mistari mitatu iliyonyooka isiyo na kitu ndani.

Sasa siku yenyewe. Asembli iwe fupi. Usiwaeleze historia yako. Wasomee kurasa nne tano za kitabu chako, kwa sauti yako yote, kisha ufunge kitabu pale ambapo mambo yamepamba moto. Watapiga kelele. Waambie kitabu kitabaki shuleni, na kweli kibaki. Nakala mbili au tatu mkabidhi mwalimu anayeshika makabati ya vitabu, mbele yao, ili wajue kipo na nani.

Ukiingia na wale arobaini, toa kwenye mfuko rasimu zako. Hili usiliruke. Wengi wao hudhani kitabu hutoka mashine kikiwa kimekamilika, kama mkate. Waonyeshe daftari lenye mistari uliyokata, ukurasa wa kwanza ulioandika mara sita, karatasi yenye doa la chai. Mimi hubeba pia karatasi moja kubwa ya kiwandani kabla haijakatwa, ambayo niliombewa kwa mchapaji wa barabara ya Nasser, pale Kampala. Ina kurasa kumi na sita zimetapakaa, nyingine zimepinduka kichwa chini. Naikunja mbele yao, mara moja, mbili, tatu, na kurasa zinajipanga zenyewe. Ndiyo sababu vitabu vingi vya picha vya watoto vina kurasa 16, 24 au 32: ni hesabu ya kukunja karatasi. Nimewahi kumwona mvulana akiniomba niikunjue na kuikunja tena mara tatu, na rafiki zake wakaacha kuniangalia mimi wakaiangalia karatasi. Hapo kitabu kilikuwa kimeshuka kutoka mbinguni kikawa kitu cha mikono ya watu.

Kisha wape chao. Karatasi moja ya A4 inatoa kijitabu cha kurasa nane bila gundi wala pini. Ikunje nusu mara tatu, upate vyumba vinane, halafu ifungue yote. Ikunje nusu tena, upande mfupi ukutane na upande mfupi, na ukate kwa mkasi mstari wa katikati, kuanzia kwenye mkunjo hadi mkunjo unaofuata, usipite hapo. Ifungue: utaona mpasuo katikati ya karatasi. Sasa ikunje kwa urefu, shika ncha mbili, zisukume zikutane, mpasuo utafunguka kama mdomo wa ndege, na kurasa zitajikunja kuwa kitabu. Fanya mazoezi nyumbani mara kumi hadi mikono iweze bila macho. Usitegemee mikasi arobaini. Kata mwenyewe zote usiku wa kuamkia siku hiyo, wao wakunje tu. Ukurasa ni mdogo kama kiganja, na hilo ni jambo kubwa. Daftari la kawaida humtazama mtoto kama uwanja wa mpira aliotakiwa kuufyeka peke yake. Kiganja anakijaza.

Jalada waache hadi mwisho. Wakianza na jalada watatumia dakika ishirini kuchora maua.

Na penseli ziwe zako, zimechongwa, zisizo na kifutio. Mtoto wa shule zetu hufuta hadi karatasi itoboke. Mwambie akikosea akate mstari mmoja aendelee, kama kwenye rasimu zako ulizomwonyesha.

Waandike nini? Hapa ndipo wageni wengi hupotea. Wanasema, "Andikeni hadithi yoyote mnayoipenda." Ukisema hivyo, watoto thelathini watakuandikia "hapo zamani za kale palikuwa na mfalme" na kumi watakuandikia siku ya Jumamosi waliyokwenda mjini na mjomba. Si kwamba hawana cha kusema. Umewapa bahari bila mtumbwi. Uliza swali dogo lenye kitu ndani yake. Langu la miaka mingi ni hili: kitu gani kwenu kimeharibika na bado mnakitumia? Jingine: nani kwenu hulala wa mwisho, na hufanya nini kabla ya kulala? Jingine: njiani kuja shule, ni wapi unapopita mbio, na kwa nini?

Nikueleze lilivyofanya kazi siku moja. Ilikuwa katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa, ambako watoto wengi wametoka Kongo na Kiswahili wanacho tangu nyumbani. Nikauliza lile swali la kitu kilichoharibika. Kimya kirefu. Binti mmoja wa nyuma, aliyevaa sweta la mtu mkubwa, akaandika akifunika kwa mkono. Nilipompitia nikasoma hivi: "Bido yetu iko na tundu. Mama aliziba na sabuni. Maji ikifika nyumbani inanuka sabuni. Baba alikunywa akasema, leo nimeoga ndani."

Nilicheka kwa sauti. Sikujizuia, na sikutaka. Nikamwomba ruhusa, akakubali kwa kichwa, nikasoma kwa darasa zima. Darasa likaangua kicheko, kwa sababu kila mmoja wao amebeba dumu lililozibwa kwa kipande cha sabuni na ameyanywa yale maji. Kisha nikaona jambo ambalo naliendea shuleni hadi leo: vichwa vyote vikainama kwa pamoja. Walikuwa wamegundua kwamba dumu linaweza kuingia kwenye hadithi. Mmoja akaandika juu ya redio inayosikika ukiishika tu, mwingine juu ya mlango usiofungika ambao kuku wa jirani ameugeuza kuwa wake. Na yule binti alikuwa ameketi wima, sweta limemteleza bega moja, akiwaangalia wenzake wakiandika.

Sasa tazama alichoandika kwa jicho la msahihishaji. "Bido iko na tundu", "maji inanuka". Ningeweza kumwambia kwamba Kiswahili sanifu ni dumu, lina tundu, maji yananuka. Ningekuwa nimesema kweli na nimemfunga mdomo. Ngeli zina siku yake, ambayo ni siku ya rasimu ya pili, mtoto akiwa ameshaipenda hadithi yake kiasi cha kutaka ivae vizuri. Na hiyo "bido" mimi ningeiacha hata kwenye rasimu ya mwisho. Ndiyo inayobebwa kwao.

Hapo ndipo jibu la swali lako la lugha linapoanzia. Ongea Kiswahili, kwa kuwa ndicho kitabu chako kilichoandikwa na ndicho wewe unachokimudu, lakini waache waandike kwa lugha yoyote wanayotaka, na wachanganye wakitaka. Mtoto wa Arua husikia Kilugbara nyumbani, Kinubi mtaani, Kiswahili sokoni na kwa madereva wa malori wanaotoka Ariwara, upande wa Kongo, na Kiingereza ubaoni. Kwa mtaala ulioanza mwaka 2007, P1 hadi P3 hufundishwa kwa lugha ya eneo, P4 ni mwaka wa kuvuka, na kuanzia P5 ni Kiingereza kitupu. Kwa hiyo watoto wako wa P4 wamo katikati ya mto hasa. Ukiwalazimisha lugha moja, watakuandikia yale wanayoyajua kwa lugha hiyo tu, na hayo ni machache. Kama Kilugbara chako si kizuri, mwalimu atakusomea, na mtoto atafurahi kukufundisha neno. Mgeni anayefundishwa neno na mtoto wa P4 amemfanya mtoto huyo mwalimu kwa siku moja.

Utakutana na mzazi au mwalimu atakayekunja uso akisikia Kiswahili. Usishangae wala usibishane. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na watu wengi wa rika la wazazi wetu walikisikia kwanza kikitoka kwa askari mwenye bunduki, kikiwaamuru walale chini. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kidonda hakiponi kwa tangazo la serikali. Mimi naamini kinapona pole pole kwa kitabu kama chako, ambapo Kiswahili kinamwita mtoto aje kula.

Mfano mwingine wa lugha huwa naukumbuka kila nikipita Makerere. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana pale, mkutano mkubwa wa kihistoria, lakini ulikuwa wa wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake vilikuwa vikisomwa pwani na bara, hakuwa na kiti kwa sababu aliandika kwa Kiswahili. Mwezi huohuo akafariki. Nikimwona mtoto akificha daftari kwa sababu ameandika kwa lugha ya mama yake, namkumbuka mzee yule, na namwambia mtoto alifunue.

Kuna hadithi ambazo hutazitegemea. Uliza nani hulala wa mwisho, na mtoto mmoja atakuandikia kwamba ni yeye, kwa sababu anamsubiri baba alewe asinzie ndipo aingie ndani. Itatokea, imenitokea zaidi ya mara moja. Usiisome kwa sauti. Usimuulize mbele ya wenzake. Mwambie taratibu kwamba umeisoma yote na kwamba umemwamini. Kabla hujaondoka mtafute mwalimu wa kike mwandamizi, ambaye kila shule inatakiwa kuwa naye kwa mambo ya namna hii, au mwenzake wa kiume, umweleze. Ipo pia namba 116 ya bure ya kusaidia watoto, ambayo huku kwetu inaitwa Sauti, na ni jina lililochaguliwa vizuri. Usimuahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu yeyote. Huwezi kuitimiza ahadi hiyo, na hufai kuitimiza. Na muda wote usikae na mtoto mmoja chumbani mlango ukiwa umefungwa, hata kwa nia njema kabisa.

Umri wao pia utakuchanganya. Shule zetu zilifungwa Machi 2020 zikafunguliwa Januari 2022, karibu miaka miwili, na wapo waliorudi wakubwa katika madarasa ya wadogo. Utamkuta msichana mwenye kimo chako ameketi P4 karibu na mtoto wa miaka tisa. Akikuandikia sentensi moja, ichukue kama sentensi moja ya mwandishi. Ikiwa hawezi kuandika kabisa, achore na akusimulie, wewe uandike anavyosema, neno kwa neno, chini ya picha yake. Wahenga wetu hawakuandika chochote na tumezipata hadithi zao. Waacholi walikaa kwenye wang-oo, moto wa jioni, wakasimuliana ododo. Huyo msichana ana ukoo mrefu wa wasanii.

Nilisema tangu mwanzo kwamba kazi yako ni kusoma. Ilinigharimu kulijua hilo. Mwaka wangu wa pili wa ziara nilikusanya hadithi sitini na mbili shule moja ya huko mashariki, nikawaahidi nitazisoma zote na kuzirudisha. Nikaziweka kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukakaa chini ya kitanda changu mihula miwili. Niliporudi, msichana wa P6 alinijia mbio akaniuliza, "Ulifika pale mbwa alipovuka mto?" Mimi sikujua hata kwamba kulikuwa na mbwa. Nilimwambia ukweli, kwamba sijasoma. Hakulia, hakukasirika. Alisema "haya" akaenda zake, na mwalimu wake akaniambia baadaye kwamba kwa ile mihula miwili alikuwa akiandika kila Ijumaa. Sijui kama aliendelea. Nimemfikiria mara nyingi kuliko msomaji yeyote aliyewahi kunisifu.

Kwa hiyo sasa sichukui karatasi nyumbani ila nikiwa na tarehe ya kuzirudisha na namba ya simu ya mwalimu wa kunikumbusha. Nawaandikia watoto wote arobaini, mstari mmoja kila mmoja, kwa penseli, nyuma ya kijitabu. Siandiki "vizuri sana, endelea hivyo". Naandika kitu ambacho kingeweza kuandikwa kwa hadithi ile tu: "Nilidhani kuku atarudi, ukanidanganya, nikafurahi." "Huyu shangazi yako nimemwogopa. Alikuwa na viatu gani?" Kazi hiyo huchukua jioni mbili. Kama huna jioni mbili, chukua watoto ishirini badala ya arobaini. Ni afadhali ishirini waliosomwa.

Na msomaji wa tatu, baada ya wewe na wenzake, awe ndani ya shule ileile. Zungumza na mwalimu kabla ya kuondoka. Kinachodumu, kwa niliyoyaona, ni kitu kidogo sana: sanduku la kadibodi darasani lenye mlango wa kutumbukizia, na dakika kumi za Ijumaa mchana ambapo hadithi mbili zinasomwa, hazisahihishwi. Shule nyingine huwapeleka wa P6 kuwasomea P2 vijitabu vyao, na hilo nalipenda kupita yote, maana mtoto wa P2 hana adabu ya uongo. Akichoka anaondoka, na mwandishi wa P6 anarudi kukaza hadithi yake. Klabu yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina mimi siishauri mwanzoni. Nimeziona zikifa kwa ugomvi wa vyeo kabla hadithi ya tatu haijaandikwa.

Kuuza vitabu nikujibu kwa kifupi: usiuze mbele ya watoto. Watano watanunua, mia na sabini na watano watajua kwamba wao si wa vitabu. Barua iende kwa wazazi kupitia shule, uuze siku wazazi wanapokuja. Malipo, shule ya serikali ya bure usiitoze, omba nauli tu ikiwezekana. Shule binafsi itajie bei yako bila aibu, kwa sababu ni kazi.

Picha za watoto zinahitaji ruhusa ya mzazi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalisema hilo wazi. Piga picha za mikono na vijitabu, inatosha. Hadithi zenyewe ni mali ya aliyeziandika hata akiwa na miaka tisa; Sheria ya Hakimiliki ya 2006 haimbagui kwa umri. Usiweke hadithi ya mtoto kwenye kitabu chako kijacho. Mkitaka kuzitoa pamoja, ombeni ruhusa nyumbani kwao, mzichape nakala chache za shule na majina yao juu, au mwalimu aziweke kwenye African Storybook, maktaba ya bure ya mtandaoni ambayo tangu 2014 imekusanya hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo.

Ukishamaliza ziara na kuwarudishia vijitabu vyao, niombe jambo moja na mimi nikuombe moja. Wewe niulize lolote litakalokushangaza siku hiyo. Mimi nakuomba unakili hadithi tatu, zilivyo, na makosa yake yote, kwa ruhusa ya wenyewe, uniletee. Nitazisoma na kuwaandikia wao watatu moja kwa moja, kwa penseli. Waambie mapema kwamba kuna mzee mmoja upande huu anasubiri.